Nani anaweza kusimamisha mbio za motokari? Tuangalie Bahrain

Mwezi wa pili 2025, Goma ikiwa imekwisha kuanguka, waziri wetu wa mambo ya inje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliandikia watu wa michezo. Barua zilienda kwa klabu za mpira zenye kuvaa tangazo la "Visit Rwanda": Arsenal, Bayern Munich, Paris Saint-Germain. Barua ingine ilienda kwa Stefano Domenicali, mkubwa wa Formula One. Miezi miwili mbele ya hapo, rais Kagame alikuwa ametangaza mjini Kigali, wakubwa wa mbio za motokari wakiwa wamekaa pale wanamsikiliza, kwamba Rwanda inaomba kupokea Grand Prix. Barua yetu iliomba mazungumzo hayo yasimame.

Wengi wetu tulicheka. Watu wanakimbia na magodoro kichwani, na serikali inaandikia watu wa motokari! Lakini kicheko kikiisha, swali linabaki: je, kuna mahali maombi kama hayo yalifaulu? Mbio za motokari za dunia, nani njo anaweza kuzisimamisha? Kuna inchi moja ambapo swali hilo lilipimwa kwa kila namna, kwa maandamano, kwa barua, kwa pesa na kwa damu. Ni Bahrain.

Bahrain ni visiwa vidogo katika Ghuba, pembeni ya Saudi Arabia. Ukiichukua yote na kuiweka ndani ya Ziwa Kivu, inaingia mara tatu na nafasi inabaki. Zamani ilijulikana kwa lulu, chemchemi na mitende. Leo chemchemi nyingi zimekauka, jambo ambalo mimi kama agronome ningependa kuliandikia makala peke yake, lakini tuliache. Familia ya Al Khalifa inatawala pale tangu karne ya 18. Wao ni Wasuni, lakini wengi wa raia ni Washia, na Washia wanalalamika tangu zamani kwamba kazi za jeshi, za polisi na za ngazi za juu hawazipati. Mwaka 2001 wanainchi walipiga kura kukubali hati ya mageuzi yenye kuahidi bunge la kweli. Mwaka uliofuata mfalme Hamad akatoa katiba yake mwenyewe, bila kura, ambamo nusu ya bunge anaichagua yeye. Waziri mkuu alikuwa baba yake mdogo, na alikaa kwenye kiti hicho tangu 1971 mpaka kifo chake 2020. Wazee wetu waliokulia chini ya Mobutu wanaelewa hiyo hesabu bila kuhitaji maelezo.

Mwaka 2004 ndiyo Formula One ilifika. Ilikuwa mara ya kwanza Grand Prix kufanyika Mashariki ya Kati. Uwanja ulijengwa Sakhir, katikati ya jangwa, kwa karibu dola milioni 150. Mchanga wa pembeni walikuwa wanaumwagia dawa ya kuugandisha ili upepo usiupeleke barabarani, chini ya matairi. Mradi ulikuwa wa mwana wa mfalme, Salman, mtu aliyesoma Marekani na Uingereza na mwenye kupenda motokari kweli. Lakini hakuna inchi inalipa pesa hizo juu ya mapenzi tu. Bahrain haina mafuta mengi kama jirani zake, inaishi kwa benki na kwa jina. Siku tatu kila mwaka, televisheni za dunia zinataja jina lake mara elfu, pamoja na jua, minara mipya na wafalme wenye tabasamu. Hiyo njo bidhaa yenyewe. Motokari ni gunia tu la kuibebea.

Na hapo njo jibu la kwanza kwa wale wanaouliza mbio zinahusiana nini na politike. Kama serikali inanunua wiki moja ya kuangaliwa na dunia, basi wiki hiyo hiyo njo ya maana kuliko zote kwa yule ambaye serikali haitaki aonekane. Mwandamanaji hafuati motokari. Anafuata kamera zenye kufuata motokari.

Tarehe 14 mwezi wa pili 2011, miaka kumi kamili baada ya ile kura ya hati, Tunisia na Misri zikiwa zimekwisha kuangusha marais wao, vijana wa Bahrain walitoka barabarani. Wakapiga kambi kwenye mzunguko mkubwa wa mji wa Manama, penye sanamu ya nguzo sita zilizobeba lulu. Usiku wa kuamkia tarehe 17, polisi waliwaingilia watu wakiwa wamelala, wanne wakafa. Mbio za kufungua msimu zilikuwa zimepangwa tarehe 13 mwezi wa tatu. Tarehe 21 mwezi wa pili mwana wa mfalme mwenyewe akatangaza kwamba Bahrain inajiondoa, inchi kwanza.

Angalieni vizuri: mara hiyo ya kwanza, aliyesimamisha mbio ni mwenye nyumba. Si FIA, yaani shirikisho la dunia la motokari, wala si wenye biashara ya Formula One, wala timu. Mzee Bernie Ecclestone, aliyekuwa anaongoza biashara hiyo, alisema wazi kwamba uamuzi anauachia Bahrain.

Yaliyofuata mnajua namna yanavyoendaga. Tarehe 14 mwezi wa tatu majeshi ya Saudi Arabia na polisi wa Emirates wakavuka daraja kuingia Bahrain. Kesho yake hali ya dharura ikatangazwa. Tarehe 18 ile sanamu ya lulu ikabomolewa. Hata sarafu ya fils 500 yenye picha yake iliondolewa sokoni. Waliokamatwa walikuwa wengi: madaktari wa hospitali kubwa waliotibu majeruhi, waalimu, wachezaji mpira, na zaidi ya wafanyakazi 20 wa uwanja wa mbio wenyewe. Baadaye tume huru iliyoongozwa na mwanasheria Cherif Bassiouni, na iliyoundwa na mfalme mwenyewe, iliandika kwamba watu 35 walikufa katika miezi ile, 5 kati yao juu ya mateso wakiwa mikononi mwa serikali. Hiyo haikusemwa na adui. Mfalme aliipokea ripoti hiyo mkononi mwake, mbele ya kamera, mwezi wa kumi na moja 2011.

Sasa fikia mwezi wa sita 2011. Hali ya dharura imeondolewa siku mbili tu, na FIA inakutana. Walikuwa wametuma mkubwa mmoja kwenda kuangalia, akarudi na ripoti kwamba inchi imetulia. FIA ikapiga kura: mbio za Bahrain zirudi, tarehe 30 mwezi wa kumi, na India, iliyokuwa na tarehe hiyo, isogezwe mpaka mwezi wa kumi na mbili. Ndani ya wiki moja uamuzi ule ulikufa. Nani aliuua?

Makelele yalikuwepo. Mamia ya maelfu ya watu walitia sahihi kwenye intaneti. Dereva mmoja, Mark Webber wa Red Bull, alisema bila kuficha kwamba si haki kwenda pale. Max Mosley, aliyewahi kuongoza FIA, alipinga kwa nguvu. Lakini kilichofunga mlango ni kifungu cha sheria: kalenda ikishaanza, haibadilishwi bila timu zote kukubali. Na timu zikaandika barua kukataa. Mkiisoma sababu yao mtashangaa. Walizungumzia wafanyakazi waliochoka, msimu mrefu mno, mizigo na ndege. Neno "mateso" halikuwa hoja yao. Pengine mioyoni mwao lilikuwepo, mimi siwezi kuingia moyoni mwa mtu. Lakini walichagua hoja ambayo haiudhi mtu na ambayo ina nguvu ya sheria, na ikafanya kazi. Bahrain ikajiondoa tena.

Hapa kuna kitu wasomi wengi hatukipendi, juu tumezoea kufikiri kwamba ukweli ukisemwa kwa sauti ya kutosha utashinda. Formula One haina mwenye mmoja. FIA inashika sheria. Kampuni ya biashara inashika mikataba na televisheni, na inakula makumi ya milioni za dola kutoka kwa kila inchi yenye kupokea mbio. Timu zinashika motokari, madereva na wadhamini. Mwenye nyumba anashika uwanja na polisi. Mbio zinasimama pale mmoja wa hao anapokataa kufungua mlango wake. Mwandamanaji hana mlango hata mmoja. Anachoweza ni kumfanya mmoja wa wenye milango aogope: aogope hasara, aibu, sheria, au moto wa barabarani. Na ongezea hili: uwanja wa Sakhir ni mali ya mfuko wa serikali ya Bahrain, Mumtalakat, na mfuko huo huo ulikuwa na sehemu kubwa ya timu ya McLaren. Mwenye nyumba alikuwa amekaa pia kwenye meza ya wageni.

Mwaka 2012 njo mtihani mkubwa. Mbio zilipangwa tarehe 22 mwezi wa nne. Serikali ilipamba mabarabara na maneno yenye kusema kwamba taifa ni moja na linasherehekea. Upande wa pili, vijana wa vijijini walitangaza siku za hasira. Kulikuwa na mtu mmoja ambaye jina lake liliandikwa kwenye kila ukuta: Abdulhadi al-Khawaja, mtetezi wa haki za binadamu aliyehukumiwa kifungo cha maisha, na ambaye alikuwa kwenye mgomo wa kutokula tangu tarehe 8 mwezi wa pili. Siku ya mbio alikuwa amepita siku 70 bila kula. Watu walikuwa wanahesabu: motokari zitafika kwanza, au kifo chake? (Hakufa. Aliacha mgomo baada ya siku 110, na akabaki gerezani.)

Wapinzani wenyewe hawakuwa na sauti moja, na hilo ni la kuelewa. Wengi barabarani walitaka mbio zifutwe: walisema motokari zinapita juu ya damu yao. Lakini hata ndani ya Al-Wefaq, chama kikubwa cha upinzani, alikuwepo aliyesema heri mbio zifanyike, juu bila mbio hakuna mwandishi wa habari atakuja, na bila mwandishi nani atajua? Ukifikiri polepole utaona hawa wa pili hawakuwa wasaliti. Walikuwa wamefanya hesabu ya soko: siku inchi haina tukio, mtu wa kijiji cha Sitra akipigwa risasi ni habari ya mistari miwili. Mwana wa mfalme kwa upande wake alisema kufuta mbio kungewapa nguvu wenye msimamo mkali.

Tarehe 13 mwezi wa nne FIA ilitangaza kutoka China, ambako mbio zilikuwa zinafanyika wiki hiyo, kwamba Bahrain itaendelea. Siku tano baadaye motokari ya kukodi ya wafanyakazi wa timu ya Force India ilikwama barabarani katikati ya polisi na vijana waliokuwa wanarusha chupa za petroli. Hakuna aliyeumia. Lakini wafanyakazi wawili wa timu hiyo wakaomba kurudi kwao, na siku ya Ijumaa Force India ikakataa mazoezi ya mchana ili watu wake wafike hoteli mbele ya giza. Kesho yake, Jumamosi, wakati wa kutafuta nafasi za kuanza, watu wa televisheni waligundua kitu cha ajabu: motokari za Force India hazikuonekana karibu hata mara moja kwenye picha zilizoenda duniani, hata kama dereva wake mmoja alikuwa kati ya kumi wa kwanza. Kila mtu aelewe anavyotaka. Mimi naona ni somo zuri kuhusu nani anashika kamera.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo, mtu mmoja aliyekuwa ameandamana usiku alikutwa amekufa juu ya paa la nyumba kijijini Shakhura. Mbio zikafanyika Jumapili, mizunguko 57, na Sebastian Vettel wa Red Bull akashinda. Kabla ya hapo Vettel alikuwa amesema kwamba mengi yanayosemwa juu ya Bahrain ni makelele tu. Polisi walijaza barabara yote ya kutoka Manama mpaka uwanjani. Waandamanaji walibaki vijijini, na walichoma matairi ili moshi mweusi upande juu ya nyumba, uonekane kwa mbali.

Walishindwa? Kama kipimo ni kufuta mbio, ndiyo, walishindwa kabisa. Serikali ilikuwa imenyima visa waandishi wengi wa habari za siasa, na ikakaribisha wale wa michezo. Kundi la Channel 4 ya Uingereza, lililoingia bila ruhusa ya uandishi, lilikamatwa Jumapili hiyo na kufukuzwa. Lakini waandishi wa michezo nao wana macho. Watu waliotumwa kuandika juu ya matairi na injini walijikuta usiku vijijini, machozi yakiwatoka juu ya moshi wa polisi, wakiandika juu ya wafungwa. Wiki ile Bahrain ilitajwa sana duniani, na karibu hakuna aliyekumbuka nani alifika wa pili. Kwa inchi iliyolipa ili iitwe taifa moja lenye kusherehekea, ile ilikuwa biashara mbaya.

Kisha wakazoea. Hiyo njo sehemu ngumu zaidi kuielezea kwa kijana mwenye haraka. Mwaka 2013 maandamano yalirudi, na 2014, na kila mwaka, kila mara madogo kidogo, juu viongozi wao walikuwa gerezani au uhamishoni. Al-Wefaq yenyewe ilivunjwa na mahakama mwaka 2016. Formula One nayo ikahamisha mbio ziwe za usiku, chini ya mataa, na picha zikawa nzuri kuliko zamani. Mwaka 2022 Bahrain ilitia sahihi mkataba mpya mpaka 2036.

Na bei ililipwa na nani? Mwezi wa nne 2017 mama mmoja, mfanyakazi wa serikali, alikamatwa juu ya maneno aliyoandika Facebook, kati yake maneno ya kupinga Grand Prix. Alisema alipigwa na kudhalilishwa wakati wa kuhojiwa. Akahukumiwa miaka 3. Kikundi cha ONU kuhusu watu wanaofungwa bila haki kilisema kufungwa kwake hakukuwa na msingi wa sheria. Alitoka 2019 kwa msamaha wa mfalme. Mnamo 2020 Lewis Hamilton alipokea barua za watu waliosema waliteswa, akazitaja mbele ya waandishi na kusema hawezi kuzinyamazia. Mwisho wa 2022 FIA iliandika sheria mpya: dereva asitoe tamko la siasa bila ruhusa. Mnaona mpangilio. Mwenye kuandika yuko chini kabisa anafungwa, mwenye kusema yuko juu kabisa anazibwa mdomo, na katikati mkataba unaendelea.

Kuna mahali ambapo mambo yalienda vingine, na ni hapa hapa Afrika. Kyalami, karibu na Johannesburg, 1985. Serikali ya apartheid ilikuwa imetangaza hali ya dharura mwezi wa saba. Mbio zilipangwa tarehe 19 mwezi wa kumi. Tarehe 18, siku moja tu mbele, walimnyonga gerezani Pretoria mshairi kijana, Benjamin Moloise, ingawa dunia nzima iliomba asiuawe. Mbio zikafanyika hata hivyo, Nigel Mansell akashinda. Lakini timu mbili za Ufaransa, Renault na Ligier, hazikuenda, juu serikali yao iliwabana. Baadhi ya wadhamini waliondoa majina yao kwenye motokari. Baada ya hapo Formula One haikurudi Afrika Kusini mpaka 1992, apartheid ikiwa inazikwa. Ikafanya miaka miwili, na tangu 1993 bara letu halijapokea tena. Njo maana Kigali inaitaka sana: itakuwa ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 30.

Tofauti ya Kyalami na Bahrain si ukubwa wa uovu. Watu wa Soweto hawakulia kwa sauti kuliko watu wa Sitra. Kwa Afrika Kusini kulikuwa na serikali kubwa zilizokubali kuwabana watu wao, na vikwazo vilivyofanya pesa yenyewe iwe na harufu. Kwa Bahrain, meli za vita za Marekani katika Ghuba zina makao yao makuu pale pale Manama. Hakuna serikali kubwa iliyotaka kumuudhi mwenye nyumba wa meli hizo.

Sasa turudi kwetu. Na nianze na jambo lenye kutuuma. Ukimtajia Mkongomani yeyote mwaka 1974, atakuambia Ali na Foreman. Atakuambia watu walivyopiga kelele uwanjani usiku wa manane. Hatakuambia kwamba Mobutu aliahidi dola milioni 5 kwa kila bondia, mwaka mmoja tu baada ya kunyang'anya mashamba na maduka ya wageni na kuyagawa kwa watu wake, ambao wengi hawakujua hata namna ya kupogoa kahawa. Tunaosoma kilimo bado tunatembelea magofu ya mashamba yale. Kinshasa hakukuwa na mwandamanaji wa kuchoma tairi ili moshi uonekane. Kwa hiyo picha ilibaki moja, nzuri, mpaka leo. Watu wa Bahrain walichokataa ni hicho: walikataa miaka 50 baadaye mtu akumbuke tu nani alishinda.

Barua ya waziri ilikuwa inagonga mlango gani? Ule wa kampuni ya biashara. Jibu lilikuwa la kawaida: wanafuatilia hali kwa makini na wataamua wakiwa na habari zote. Huo ni mlango wa watu wanaokula kutoka kwa mwenye kupokea, na waliokaa Bahrain mpaka 2036. Ripoti za wataalamu wa ONU zinasema jeshi la Rwanda linasaidia M23, Kigali inakana, na mtu wa biashara katikati anasema anafuatilia. Tena hatukusaidiwa na sisi wenyewe. Miezi michache baada ya kuziandikia klabu za Ulaya kwamba zisiuze kifua chao kwa serikali, serikali yetu ilitia sahihi na Monaco, AC Milan na Barcelona, ile ya Barcelona ikisemwa ni zaidi ya euro milioni 40 kwa miaka 4. Mnaweza kutetea mkataba ule kwa hoja za utalii, wengine wameutetea. Lakini usimuandikie mtu kwamba nyama ni haramu, kisha ukutane naye buchani.

Kwa hiyo mimi naona njia ya kuangalia si ile ya barua za mawaziri. Mwaka 2014 shirika la watu wa Bahrain waliokimbilia Marekani, Americans for Democracy & Human Rights in Bahrain, lilifanya kitu ambacho hakikutoka kwenye televisheni. Walichukua kanuni za OCDE kuhusu kampuni za kimataifa, wakapeleka malalamiko mbele ya ofisi ya Uingereza yenye kuzisimamia, juu kampuni za Formula One zimeandikishwa kule. Hakuna kuchoma tairi, ni dosie tu, yenye kuonyesha uhusiano kati ya mbio na watu waliokamatwa. Mwaka 2015 Formula One ikakubali kuandika kwamba itaheshimu haki za binadamu na itachunguza hatari katika inchi inazoenda. Karatasi tu? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini mwaka 2018 yule mama wa Facebook alipofungwa, ni karatasi hiyo watetezi wake walimuwekea Formula One mezani, na kampuni ikalazimika kutamka kwamba kesi yake inaitia wasiwasi. Mwaka uliofuata alikuwa nyumbani.

Na njia hiyo si ngeni Kivu. Mwezi wa kumi 2013 WWF ilipeleka malalamiko katika ofisi hiyo hiyo ya London dhidi ya SOCO, kampuni ya Uingereza iliyokuwa inatafuta mafuta ndani ya Parki ya Virunga. Miezi minane baadaye SOCO ilikubali kumaliza uchunguzi wake ziwani Edouard na kutotoboa. Msukumo ulitoka pande nyingi, UNESCO pia ilikuwemo, lakini dosie ilikuwa na mambo ambayo mtu yeyote mwenye licence ya kilimo, ya sheria au ya mazingira angeweza kuyakusanya. Mlango huo wa London ungali wazi, na kupeleka malalamiko hakuombi saini ya waziri.